Nani Alisema Tupindue?

Redio ya kiwandani ilikuwa imefungwa kwa waya juu ya mlango wa chumba cha barafu, na asubuhi hiyo ya Jumapili ilikuwa ikijisemea peke yake. Mashua zilikuwa zimeingia na samaki wengi aina ya corvina, na wanawake wa zamu hawakuwa na nafasi ya kusikiliza. Ercília alishika samaki kichwani, akapitisha kisu nyuma ya shavu, akakivuta hadi mkiani, akamgeuza. Mikono yake ilikuwa imefanya kazi hiyo miaka mingi na haikumhitaji tena. Ndiyo maana yeye ndiye aliyesikia kwamba kocha Quirino amefukuzwa.

"Nelci! Ongeza sauti!"

Nelci, mrefu kuliko wote pale mezani, alizungusha kitufe cha redio kwa ncha ya kisu. Alikuwa akizungumza mwenyekiti wa klabu ya Estiva, tajiri wa vinu vya mpunga, kwa sauti ya mtu anayetoa pole msibani. Kocha ni mtu mwema, alisema. Klabu inapinga ubaguzi wa kila aina, hilo halina mjadala.

"Lakini uamuzi huu haukutoka ofisini. Umetoka jukwaani. Mashabiki wetu wamepindua bango lao, nasi tunawasikiliza mashabiki wetu."

Kisu cha Ercília kilisimama katikati ya samaki.

Bango hilo lilikuwa nyumbani kwake, juu ya kabati. Alilishona yeye na marehemu mumewe, Valmor: kitambaa chekundu, herufi nyeupe, neno moja tu la ESTIVA. Kila mechi lilitundikwa kwenye uzio nyuma ya goli la upande wa bandari. Timu ikiwatia aibu, mashabiki walilitundika kichwa chini, na katika mji mzima wa Rio Grande hapakuwa na tusi zito kuliko hilo. Mechi iliyopita walilipindua. Kamba ya kushoto aliishika Ercília mwenyewe.

"Kumbe tumemfukuza sisi," alisema.

"Wewe na nani?" Nelci aliuliza. "Mimi sikufukuza mtu. Hata mume wangu nimeshindwa kumfukuza."

Wanawake wakacheka. Ercília hakucheka.

"Nauliza tu. Yule Kroeff wa kabla yake, tulimpindulia lini?"

Nelci alifikiri huku akikata. "Kroeff hatukumpindulia."

"Kwa nini?"

"Kroeff alikuwa anajenga timu."

"Alijenga mpaka tukashuka daraja."

"Tulishuka, ndiyo. Lakini alikuwa anajenga."

Msimamizi alipiga meza kwa kiganja. "Akina mama, samaki hawashabikii mtu! Kateni!"

Ercília alikata, lakini swali lilikuwa limeshamkaa kama mwiba wa samaki kooni. Quirino alikuwa mweusi kama yeye, kocha mweusi wa kwanza tangu enzi ambazo wapakuzi wa meli, walioianzisha Estiva, walikuwa wakimchagua kocha wao wenyewe. Mwezi uliopita, kwenye mechi ya ugenini kule milimani, watu walimlilia mlio wa nyani kipindi kizima, kisha ndizi ikaanguka karibu na kiatu chake. Aliiokota, akampa mwamuzi mkononi, akawatoa wachezaji wake uwanjani. Wenyeji wakapewa ushindi wa mezani. Baada ya hapo ikaja sare, halafu kipigo nyumbani, halafu bango.

Zamu ilipokwisha alioga, lakini harufu ya samaki haikutoka, haikuwahi kutoka. Akachukua bango nyumbani, akalibeba begani hadi baa ya Polaco, mkabala na uwanja, mahali kundi lao linapokutana kabla ya mechi. Bei ya mkate wa soseji ilikuwa imefutwa ubaoni na kuandikwa tena.

"Umepandisha tena?" alimuuliza Polaco, mzungu mwenye baa.

"Sijapandisha mimi, mama. Soseji imepanda yenyewe, mimi nimeifuata."

Odacir alikuwa ameketi pembeni ya kaunta na kibuyu chake cha mate, ile chai chungu ya kunyonywa kwa mrija. Alikuwa mdogo wake Valmor, mlinzi wa lango la bandarini, na tangu kaka yake alipofariki ndiye aliyekuwa mkubwa wa kundi. Mabishano yalikuwa yameshapamba moto.

"Ubaguzi, ubaguzi," alikuwa akisema. "Mimi sikuanza kuwa mweusi leo. Hayo matusi nimeyala tangu nina meno ya utoto, na sijawahi kuacha lango nikaondoka. Angebaki uwanjani awafunge! Bao tatu, uone kama hawatanyamaza."

"Na wasiponyamaza?" Ercília aliuliza, akilitua bango.

"Anawafunga la nne."

"Tumepona!" Polaco alisema. "Dawa ya ubaguzi ni mshambuliaji mzuri. Balaa ni kwamba sisi hatuna hata mbaya."

Baa ikalipuka kwa kicheko. Mzee mmoja mzungu aliyevaa jezi iliyopauka alisubiri watulie. "Mimi rangi yake haikunisumbua. Kiburi ndicho kilichonisumbua. Alikuwa anapita hapa hasalimii."

"Kroeff alikuwa anakusalimia?" Ercília aliuliza.

Mzee alikuna kidevu. "Kroeff alikuwa mtu wa mawazo mengi."

"Aa," alisema Ercília. Hakuwa na nia ya kumshinda mtu. Alitaka kujua tu, kama mtu anayerudi jikoni kutafuta harufu ya kuungua inatoka chungu gani. "Sasa niambieni. Siku ile, nani alisema kwanza, tupindue?"



"Mimi nilidhani ni wewe," alisema mzee. "Wewe ndiye uliyeshika kamba."

"Nilishika kwa sababu nilisikia."

"Sauti ilitoka nyuma," mwingine alisema.

"Mimi msinitazame, nilikuwa nimekwenda kukojoa," alisema Polaco.

"Shemeji," Odacir alisema, macho yakiwa ndani ya kibuyu, "unahoji watu kama polisi. Yamekwisha hayo. Leo kuna kocha mpya, tunatundika wima, tunaimba. Basi."

"Valmor angekumbuka," alisema Ercília.

Odacir alinyonya chai yake mpaka kibuyu kikakoroma kwa kuisha maji.

Getini waliwakuta polisi wakikagua mabango. Mlinzi wa klabu, kijana aliyevaa fulana mpya ya uongozi, aliwafungulisha lile lao chini ya ukuta, akalipitia herufi kwa herufi kama anayesoma mara ya kwanza.

"Leo ni wima tu," alisema. "Ni agizo. Anayepindua anatolewa nje, na bango linabaki kwetu."

"Agizo la nani?" Ercília aliuliza.

"La juu."

"Na siku ya Quirino, agizo hilo lilikuwa wapi?"

Kijana alimtazama polisi, polisi akatazama angani. "Siku ile hatukuagizwa kitu, mama. Tuliambiwa tuwaache."

Alilisema bila ubaya wowote, akawapungia waingie. Ercília alilikunja bango upya, polepole, akalikumbatia. Alipofika jukwaani hakwenda kwenye uzio. Aliketi mahali pake pa siku zote, karibu na nafasi ya Valmor, akaliweka mapajani, na kamba zake akazizungusha mkononi.

Upepo wa kusini ulikuwa ukivuma kutoka bandarini. Uzio ulikuwa mtupu. Watu walianza kugeuka, kwanza wachache, kisha safu nzima.

"Ercília, tundika bwana, timu zinatoka!"

"Shemeji, usinitie aibu." Odacir alikuwa amesimama mbele yake, mkono kaunyoosha. "Nipe kamba."

"Nitakupa. Niambie tu nani alisema."

"Unataka nini? Tumtafute tumpige?"

"Nataka kujua. Mwenyekiti anasema ni sisi. Sisi tunasema ni sauti ya nyuma. Nyuma yetu kuna ukuta, Odacir."

Timu zikatoka. Ngoma zikaanza. Odacir alibaki amesimama, mgongo kwa uwanja, jambo ambalo Ercília hakuwahi kumwona akilifanya tangu ujana wao. Kisha akaketi kwenye nafasi ya kaka yake.

"Mimi," alisema.

Ercília alimgeukia.

"Tulipofungwa la pili nilitazama kule kwenye viti vya kivuli, kwa wakubwa weupe. Walikuwa wamegeuka, wananitazama. Hawakumtazama Polaco. Hawakumtazama yule mzee. Walinitazama mimi, kama Quirino ni mtoto wangu na kavunja dirisha lao. Nikaona nisipokuwa wa kwanza kusema, watasema namtetea kwa sababu ni wetu." Alijifuta uso kwa kiganja. "Na huyo Kroeff... siku za Kroeff hakuna aliyenitazama, shemeji. Niliangalia mpira kwa raha zangu zote."

Ercília alizikunjua kamba kutoka mkononi, akampa. Alikuwa ameahidi.

Odacir alizishika. Chini, Estiva walipata kona; watu wote wakasimama, wao wawili wakabaki wameketi, bango likiwa limelala juu ya magoti yao. Mlinzi wa fulana mpya alikuwa akipanda ngazi mbio, akihema.

"Mbona hamjatundika? Juu wanauliza. Uzio mtupu, picha zinapigwa!"

"Kamba imekatika," alisema Odacir.

Kijana alizitazama kamba mbili nzima zilizokuwa zikining'inia katika ngumi ya Odacir.

"Si hizo hapo?"

"Imekatika," Odacir alirudia, akasogeza magoti kidogo ili kijana asimzibe, aone mpira.