Saa Sita ya Rodgers

Ziada hakuwa mtu wa kuombaomba, lakini kwa ajili ya Tarishi alijifunga kanga safi akaenda kumwomba Rodgers, mtoto wa jirani aliyekuja kwa sikukuu. Tarishi ni mbwa wake. Mwaka jana, usiku wa kuamkia Januari, Rodgers alipowasha fataki zake za kutoka Dar, mbwa huyo alikata kamba akatokomea porini, akapatikana siku ya nne kando ya barabara ya lami, mguu wa nyuma umevunjika. Mpaka leo anachechemea. Ziada aliapa kwamba hilo halirudiwi.

Rodgers alimpokea vizuri, hilo hawezi kumnyima. Shikamoo mama mdogo, karibu kiti, karibu soda. Gari lake alikuwa ameliegesha kwenye mlango wa mama yake, Bi Priska, hata kikongwe wa watu akawa anaingia kwake ubavu ubavu. Ziada akaeleza kwamba hakuja kumkataza mtu furaha yake, anachotaka ni saa tu. Akiijua saa, atajua la kufanya. Rodgers alicheka mpaka akajifuta machozi, akauliza kama mbwa wa siku hizi nao wana presha.

"Saa sita kamili usiku, mama mdogo," akasema. "Si dakika kabla. Naapa."

Bi Priska alikuwa pembeni anachambua mchele.

Mtu mzima akiapa, unamwamini. Ziada akarudi kwake akafanya yote aliyoelekezwa na bwana mifugo wa Same: blanketi dirishani, godoro kuukuu uvunguni, mfupa wa supu, na redio ya kufunguliwa kwa sauti kubwa. Bwana mifugo alisisitiza mambo mawili. Mbwa asifungwe kamba, na akitetemeka asikaripiwe, kwa kuwa mwenye hofu hafanyi makusudi. Saa tatu Ziada angemwingiza ndani, wakae wote wawili mpaka mwaka uingie.

Jioni ya mkesha, saa kumi na mbili, kweupe bado, alikuwa anaingiza mbuzi zizini, Tarishi akichechemea nyuma yao. Mara mlipuko wa kwanza. Wa pili. Wa tatu. Mbuzi wakatawanyika, na Tarishi akauruka ua wa miiba utadhani mguu wake haujawahi kuvunjika.

Na huku uwandani, karibu na hifadhi, fataki si mchezo. Fataki ni za tembo. Ikilia moja, maana yake wameingia shambani kwa mtu, na kila nyumba hutoka na debe na tochi kwenda kusaidia. Basi watu wakatoka. Walikimbia na madebe yao mpaka shamba la mahindi la Bi Priska, wakamkuta Rodgers kwenye kona ya shamba, simu mkononi, anarekodi video. Akawaambia ameamua kuwahi kidogo, watoto wasije wakalala. Mtu kazaliwa hapa, kalelewa hapa, halafu anauliza debe la nini! Ziada alikuwa na matusi ya kumtosha yeye na ukoo wake, ila muda wa kuyatoa hakuwa nao.

Alimtafuta Tarishi korongoni, akamtafuta njia nzima ya kwenda lami, akiita mpaka sauti ikakauka. Giza likaingia na fataki bado zinalia. Alipokata tamaa akapanda nyumbani kwao Rodgers, amsubiri hapo hapo ampe ukweli wake. Akipita kando ya lile gari alisikia kilio chembamba ndani kwa Bi Priska.

Akajipenyeza, akamulika kwa simu. Tarishi alikuwa uvunguni. Bi Priska naye alikuwa uvunguni, kilemba kimemvuka, amemkumbatia mbwa kifuani. Walikuwa wanatetemeka wote wawili.

"Wameshaondoka?" Bi Priska akauliza. "Eliakimu amerudi?"

Eliakimu alikuwa mumewe Bi Priska. Tembo walimuua miaka mitatu iliyopita katika shamba hilohilo, fataki zikilia hivihivi, na Rodgers alikuja kuzika, akakaa siku mbili, akarudi zake Dar. Ziada akaukumbuka ule mchele uliokuwa unachambuliwa kimyakimya. Yeye mwenyewe alikaa mbele ya mama huyu akaombea mbwa saa, bila kumfikiria mama mwenyewe. Alijichukia kwa hilo kuliko alivyomchukia Rodgers.

Alishuka shambani, akamnyang'anya Rodgers kiberiti mbele ya watu.

"Njoo umtoe mama yako uvunguni," akamwambia.

Rodgers alidhani ni utani mpaka alipoona uso wake. Alikuja mbio, akapita ubavu ubavu kati ya gari lake na ukuta, akapiga magoti, akanyoosha mkono gizani kumshika mama yake. Bi Priska akausukuma ule mkono, akamfunika Tarishi kwa kanga yake.

"Usimkaripie," akasema. "Anaogopa."