Kiluwiluwi Kwenye Katoni

Kusoma kwangu ni kwa kubahatisha, wajukuu zangu. Namba nazijua, herufi zinanikimbia. Ndiyo maana nilipokuwa dereva wa yule mzabuni wa dawa za magereza, katoni zilizoisha muda nilizichora kwa mkaa, duara na mkia, kama kiluwiluwi. Nisije nikazichanganya na nzima. Nazitoa gerezani, nazishusha kwenye shimo nyuma ya ghala la bosi zichomwe. Kazi imeisha.

Sasa siku hiyo nimepeleka mzigo mpya. Muuguzi wa gereza, mama mmoja wa maneno mengi, aliniita shemeji bure tu, maana kwao sijaoa.

"Shemeji, umechelewa kama mvua! Fundi wangu anaoza."

Fundi ni mfungwa aliyewashonea wenzake sare. Alikuwa kwenye benchi, mguu umefungwa kwa mkono wa shati, bandeji ziliisha zamani. Harufu ile!

"Dereva, leo umeleta ya kweli?" akaniuliza. "Hizo za juzi hata inzi hawaziogopi."

Nikacheka. "Kwani mimi nauza maji?"

Nikageuza katoni niifungue. Chini yake, kiluwiluwi changu kinanitazama.

Nikabandua karatasi ya tarehe kwa ukucha. Chini kuna nyingine, ya mwaka juzi. Katoni ya pili vilevile. Ya tatu vilevile. Hapo ndipo nikakumbuka: lile shimo, miaka yote, sijawahi kuona moshi wake. Mikono hii hii, jamani, ndiyo iliyokuwa inazungusha uozo.

Nikampigia bosi. Hata hakushtuka.

"Mzee, shusha mzigo. Hao ni wafungwa, watakushtaki wapi?"

Nilitema mate chini, mbele ya watu, mtu mzima mimi.

Muuguzi kashika kalamu. Asiposaini, kabati lake tupu miezi mitatu. "Shemeji, nisaini?"

"Ukisaini umemzika huyu."

Akaitupa kalamu. Akamwita askari, akambana kwa maneno mpaka mwenyewe akaomba amani, tukampakia fundi garini mwangu, katikati ya zile katoni, moja kwa moja hospitali kubwa. Daktari alifunua shati lile, akageuza uso.

Mguu ukakatwa chini ya goti. Roho ikabaki.

Mimi nikafukuzwa. Katoni nilimwachia daktari, akaandika barua, barua ikaenda huko zinakokwendaga barua.

Fundi alipotoka gerezani alinishonea suruali hii. Cherehani anaikanyaga kwa mguu mmoja. Akaniuliza, "Siku hizi nani anapeleka?"

Nikaenda kuchungulia. Bosi yuleyule, gari jipya, dereva kijana anayesoma vizuri sana, hahitaji kuchora kitu. Nikazunguka nyuma ya ghala mpaka shimoni. Limeota majani. Mabichi kabisa.