Kibali cha Mwenye Nyumba

"Mimi bado sielewi," dada mtu alinong'ona kupitia tundu la ufunguo. "Mtu na leseni yake, ajifiche chooni kama mwizi wa kuku?"

"Dada, nenda kampokee mgeni. Nitakueleza baadaye."

Fundi alikuwa amesimama juu ya ndoo iliyopinduliwa, jicho moja kwenye kidirisha cha bafu. Nje, chini ya kidirisha hicho, ndipo ilipokaa mashine ya kiyoyozi aliyoifunga juzi: mabomba yamenyooka, nyaya zimelala pamoja kama misuko ya bibi harusi. Mtaani walimwita Barafu. Mwenyewe alikuwa akisimulia, bila kupepesa macho, kwamba aliwahi kutengeneza kiyoyozi ambacho kilipowashwa mbu waliomba shuka. Leo bingwa huyo wa baridi alikuwa akichuruzika jasho, pua karibu iguse brashi ya choo iliyotundikwa kando ya kidirisha.

Mambo yalikuwa hivi. Ofisi ya mji humruhusu mwenye nyumba atengeneze kiyoyozi chake, ila kwa mikono yake mwenyewe. Akitaka kuleta fundi, basi fundi awe na leseni. Barafu ndiye aliyemshauri shemeji yake achukue kibali cha mwenye nyumba, eti cha mafundi kina foleni ndefu, na Mama hawezi kungoja. Hilo la mama yao lilikuwa kweli. Miguu yake ilivimba kwa joto mpaka viatu vikamkataa, na daktari alisema akae penye ubaridi. La foleni lilikuwa la kutunga. Barafu hakuwa na leseni, na dada yake alidhani anayo.

Afisa ukaguzi akaingia uani, mwanamke mnene mwenye miwani iliyoning'inia kifuani. Barafu alipomwona tu, akarudisha kichwa nyuma. Miongoni mwa maafisa wote wa mji, amekuja huyu.

"Umefunga mwenyewe, baba?" afisa aliuliza.

"Mwenyewe, mama. Kwa mikono hii hii," alisema shemeji.

Shemeji alikuwa mshona mapazia. Maisha yake yote alikuwa amefunga balbu moja tu, nayo iliungua siku hiyo hiyo.

"Kazi safi. Safi mno," afisa alisema, akavaa miwani. "Hebu kaza nati hiyo ya bomba kidogo, nione unavyoshika spana."

Shemeji akaishika spana kama mkasi. Akaipachika kwenye nati, akavuta. Akavutia upande wa kufungulia.

Barafu aliona. Alijua kwamba gesi ile ikitoka huunguza kwa baridi yake kama moto. Neno moja lilitosha. Lakini neno hilo lingemtoa chooni mbele ya mwanamke yule, na mwanamke yule angesema, na dada angesikia. Akanyamaza. Hakunyamaza sana, kiasi cha mtu kumeza mate, lakini alinyamaza, na nati ikazunguka tena.

Gesi ikatoka ikipiga mluzi. Shemeji akapiga yowe.

"Toa mkono, shemeji," sauti ikatoka kidirishani. "Rudisha spana upande wa pili. Kaza. Kaza hapo hapo."

Mluzi ukapungua, ukabaki uzi mwembamba. Afisa akainua macho taratibu mpaka kwenye kidirisha cha choo.

"Na huyo mtaalamu, toka tukuone."

Alitoka kwa mlango wa jikoni, suruali imeloa magotini. Shemeji alikuwa ameshika vidole vyake viwili, ncha zimekuwa nyeupe kama chaki.

"Nakufahamu wewe," afisa alisema. "Mtihani wa leseni. Uligeuza karatasi, ukasema unakwenda kunywa maji."

"Ndiyo, mama."

"Maji gani hayo, baba? Ulikwenda kuchimba kisima?"

Shemeji alitaka kucheka, vidole vikamkataza.

"Umemfananisha," dada alidakia. "Mdogo wangu alifaulu. Nimewaambia watu wote. Huwa nawaletea wateja mpaka mlangoni kwake." Akamgeukia. "Mwambie. Mwambie ulifaulu."

Barafu aliangalia miguu yake. Povu la sabuni ya bafuni lilikuwa linakauka kwenye kandambili.

"Kusoma kunanichelewesha, dada," alisema hatimaye. "Wenzangu walikuwa wanafungua ukurasa wa pili, mimi bado niko kwenye maelezo ya juu."

"Sikukuuliza kusoma," dada alisema kwa sauti ndogo. "Ulikuwa unamwona mume wangu anafungua nati?"

Barafu alitupa jicho juu. Kidirisha kile kilikuwa juu ya mashine moja kwa moja. Hata kipofu angejua.

Afisa alikohoa, akakunja mikono ya gauni. "Gesi bado inavuja na ndani kuna mgonjwa. Kibali ni cha mwenye nyumba, kwa hiyo mwenye nyumba atamaliza. Wewe utaelekeza kwa mdomo. Mikono weka nyuma. Nikiiona mbele, naifungia mashine yote."

Basi Barafu akaweka mikono nyuma, mbele ya dada yake, kama mtoto aliyekutwa kwenye bakuli la sukari. "Taratibu, shemeji. Sasa paka sabuni. Ukiona povu linatoa macho, bado inavuja." Shemeji alikaza kwa mkono wa kushoto, akiguna. Mara mbili spana iliteleza. Mara mbili mabega ya Barafu yaliruka, vidole vikashikana huko nyuma. Povu likatulia. Mashine ikanguruma.

"Nitarudi kukagua," afisa alimwambia shemeji. Alipompita Barafu akapunguza mwendo. "Mtihani mwingine upo. Mtu anaruhusiwa kuomba asomewe maswali. Hukuuliza."

Akaenda zake. Shemeji akamfuata ili amfungulie geti, vidole kinywani.

"Kumekuwa kama peponi," Mama aliita kutoka ndani. "Yuko wapi mwenye leseni wangu, nimpe baraka zake?"

Dada alipanda ngazi, akafungua mlango, akaingia, kisha akausimamisha wazi kwa kisigino bila kugeuka. Ubaridi ukamwagika nje, ukapita kwenye saruji yenye joto mpaka miguuni mwa Barafu. Yeye alikuwa amesimama pale pale, mikono bado iko nyuma.