Damu Ikienda Miguuni

Mdogo wangu wa kike, Cheche, alipotapika mara ya nne mfululizo baada ya kukimbia mita mia nne, Mama alipitisha hukumu jioni hiyo jikoni. "Jumamosi kwenye mchujo akitapika tena, basi. Mbio zimekwisha. Sikuzaa watoto ili nije niwazike mimi."

Mimi ni muuguzi, mtoto wa kwanza, na mdomo wangu hauna breki. Nikamwambia anatia chumvi. Akanikata jicho, nikanywea. Baba yetu alianguka akisukuma gari la jirani lililozimika. Moyo ulisimama, na Mama ndiye aliyemshika kichwa. Tangu siku hiyo, mtu akihema kwa nguvu tu nyumbani kwetu, Mama anaingiwa na baridi. Simlaumu. Lakini Cheche alikuwa na miaka kumi na saba na hakuna kitu alichokipenda kama kukimbia.

Nilimpeleka kwa daktari ninayefanya naye kazi. Akapima moyo, mapafu, damu, kila kitu, akasema mtoto mzima kabisa. Mama akayasoma majibu, akayakunja. "Baba yenu naye alikuwa mzima kabisa."

Alhamisi nikaenda uwanja wa mazoezi bila kumwambia mtu. Nani namkuta nyuma ya jukwaa? Mama! Sare ya idara ya maji, buti za mpira, anamlisha Cheche viazi na mayai. Zilikuwa zimebaki dakika ishirini aanze kukimbia.

"Jamani! Ndiyo nini hii?"

"Tumbo tupu ndilo linalomtapisha," Mama alisema bila wasiwasi. "Nilianza na kiazi kimoja. Akitapika, naongeza. Sasa ni vinne."

Nikamgeukia Cheche. "Na wewe huna ulimi?"

Cheche akameza alichokuwa anatafuna. "Dada, anakuja kwa miguu kutoka kazini. Ningemwambiaje sitaki?"

Hawa wawili wangeuana kwa mapenzi. Nikakaa kati yao.

"Mama, ukifungulia maji mtaa wa juu wote kwa mpigo, inakuwaje?"

"Mtaa wa chini wanakauka. Halafu wananitukana mimi."

"Ndivyo hivyo. Bastola ya kuanza mbio ikilia, ubongo unatuma amri miguuni kupitia mishipa ya fahamu. Juu ya figo kuna tezi zinamwaga homoni, moyo unaenda mbio, ini linatoa sukari. Misuli inataka damu yote. Kwa hiyo mishipa ya tumbo inabanwa, ya miguu inafunguliwa. Tumbo limejaa viazi vyako, halina damu ya kuvisaga. Litafanya nini?"

Mama alilitazama bakuli la viazi mkononi mwake. "Linarudisha," alisema polepole. "Kumbe ni mimi."

Cheche akamkumbatia shingoni. Mama akajifuta uso, halafu akauliza alichotaka kuuliza tangu mwanzo. "Na moyo?"

"Unapanda sana, akisimama unashuka wenyewe."

"Wa baba yenu haukushuka."

Kwa kiherehere changu nikaapa kwamba Jumamosi, bila viazi, Cheche hatatapika hata tone.

Jumamosi alikula asubuhi na mapema, akakimbia mchana. Watatu bora ndio walikuwa wanachukuliwa. Mita mia tatu za kwanza alipaa. Kisha nikaona mabega yanapanda na miguu inakuwa mizito: misuli ilikuwa inachoma sukari haraka kuliko mapafu yanavyoweza kuleta hewa, na asidi ilikuwa imeanza kujaa. Cheche akakaza meno, akavuka mstari akiwa wa tatu, akaanguka kwa magoti.

Nilipogeuka nishangilie na Mama, hayupo. Alikuwa ameruka kizuizi na anakimbia uwanjani na buti zake, mama wa miaka hamsini na sita, mwamuzi anampigia filimbi. Sijawahi kumwona anakimbia maishani mwangu. Nikamfuata.

Alifika hoi, pumzi zimekata, akapiga magoti mbele ya mtoto. Cheche, naye anahema kama yeye, akauchukua mkono wa Mama akauweka kifuani pake. Kisha akaweka wake kifuani pa Mama. Wakakaa hivyo, jasho linawatiririka wote wawili.

"Moyo wako unakwenda mbio," Mama alisema alipopata sauti.

"Na wako, Mama. Subiri tu."

Dakika moja ikapita. Niliona uso wa Mama unalegea kidogo kidogo. "Unashuka," alisema. "Unashuka kweli."

Hapo Cheche akainama pembeni akatapika. Maji matupu, na yote yalikuwa kazi ya ile asidi. Nikafumba macho. Kiapo changu hicho chini kwenye nyasi, na hukumu ya Mama naijua.

Nilipofumbua, Mama alikuwa amemshika Cheche paji la uso kwa mkono mmoja. Mkono wa pili ulikuwa bado kifuani pa mtoto, na machozi yanamtoka.

"Tapika, mwanangu," alikuwa anasema. "Tapika tu, mama. Mimi nausikia unashuka."