Vifaranga Saba Tumboni mwa Kambale

...na kisu kimeshapita, tumbo la kambale limefunguka juu ya ubao wa kupimia, na Clemence, mtafiti kijana kutoka chuoni, ameinamia fomu yake akiuliza, "Dada Dorkas, tumboni kuna nini?", na kilichomo Dorkas anakiona vizuri, vifaranga wa perege, saba, wawili bado wana magamba, lakini midomo yake haitaki kutamka saba, kwa sababu miaka mitano iliyopita, alipoanza kazi hii ya kupima samaki hapa mwaloni, wavuvi wanaposhushia samaki kwenye bwawa la Nyumba ya Mungu, matumbo kama haya aliyakuta yamejaa tope, tope na mabawa ya wadudu, makokoro, zile nyavu za kukokota za macho madogo, yalikuwa yamezoa vifaranga wote hata kambale mzima hana cha kuwinda, naye akaandika tope, tope, mwezi baada ya mwezi, mpaka karatasi zake zikasomwa mbele ya wakubwa na bwawa likafungwa mwaka mzima, nyavu haramu zikaamriwa zichomwe... "Au hamna kitu?" anauliza Clemence, hamna kitu, ingekuwa rahisi namna gani, maneno mawili tu na mwaka ule wote ungeonekana wa bure, na uchungu wake ungepata haki, maana wavu wa Fanueli, mumewe, ulichomwa pamoja na makokoro, wavu wa macho makubwa yanayoruhusiwa, alioushona mwenyewe msimu mzima wa masika ameketi mlangoni, waliokuja hawakupima macho, walimwaga petroli tu, na wenye makokoro walikuwa wamepenyezewa habari, wakayaficha mapema, wakaacha vipande vichakavu vya kupigiwa picha, na tangu hapo Sharifa, muuza samaki wa kukaanga, aliyekuwa akimwita shoga, akimwona anageuzia beseni upande wa pili, huyo ndiye aliyetupima mpaka tukalala njaa, alimsikia akisema bombani, na Fanueli siku ya kuondoka hakufoka, afadhali angefoka, alisimama pale gari la Same linapopakia, anarudi kwao Maore kulima mpunga wa kaka yake, yeye ambaye majaruba yalimchosha tangu utotoni, akasema polepole, "Mama Aminieli, ulijua siku watakayokuja?", naye akajibu, "Nilijua wanawafuata wenye makokoro," Fanueli akamtazama, "Sikukuuliza hivyo," akapanda, na hajapiga simu ila kuulizia mtoto... "Dada, jua linatuharibia sampuli," anasema Clemence bila kuinua kichwa, ana haki, yeye hakumchomea mtu wavu, wala ubao huu haukumchomea, mwaka mzima Dorkas amezilaumu hesabu, amewalaumu wakubwa, amelilaumu bwawa, na kumbe tope lile lilikuwa kweli na vifaranga hawa ni kweli vilevile, perege wamezaliana, kambale wanawapata, wengine wakubwa kuliko kambale watawapata kambale, maji yanafanya kazi yake wala hayajui Fanueli ni nani, ila barua ya amri ya kuchoma nyavu aliiona mezani ofisini siku ya Jumanne, siku yenyewe imeandikwa wazi, Ijumaa, na jioni tatu alimpakulia mumewe ugali, akamsikiliza akisema wavu umekamilika, akanyamaza, aliambiwa ni siri ya kazi, ndiyo, na aliamini wavu halali hautaguswa, ndiyo, hayo yote amejisimulia mara mia, lakini lipo la chini yake ambalo hajawahi kuligusa, kwamba jioni zile alijisikia mtu mkubwa, binti wa Gonja aliyeshuka mlimani kuolewa na mvuvi, leo ndiye anayejua na wanaume wote wa mwaloni hawajui, na utamu huo ndio uliomfunga mdomo, si siri, si sheria... Clemence amesubiri, kalamu iko palepale juu ya fomu, nzi ametua kwenye utumbo na hakuna aliyemfukuza, atasema saba, bila shaka atasema saba, hilo ni la bwawa na halimhusu mtu, lakini Fanueli pale garini alikuwa amemwomba neno moja tu, nilijua, bila la ziada, na hata hilo alimnyima.