Shamima Hajasamehe

Pujini nzima ilijua kwamba mimi, Hamdan wa Bi Mwatima, naenda Ulaya kulea farasi, na hakuna aliyeiachia nafasi hiyo impite bila kunicheka. Wenzangu wa maskani waliniuliza kama farasi wa Uholanzi wanakula kwa uma. Mzee Nyange, jirani yetu, aliuliza kama kule watu wamekwisha, mpaka farasi watafutiwe yaya kutoka Pemba. Nikamwambia watu wapo, ila wenye adabu ndio adimu. Akasema basi wamekosea nyumba.

Kazi yenyewe haikuwa ya farasi peke yao. Ni kituo ambacho watoto wenye ulemavu hupandishwa farasi na kutembezwa taratibu, kwa kuwa mwendo wa mnyama hulegeza viungo vilivyokaza na kumfundisha mtoto kukaa wima. Anayejitolea husafisha banda, huwapiga farasi brashi, na hutembea ubavuni mwa mtoto akimshika mguu asianguke. Tiketi yao, kitanda chao, chakula chao. Mimi nipeleke mikono tu.

Farasi nilikuwa nimewaona kwenye simu. Mtoto mwenye ulemavu ninaye ndani ya nyumba. Mdogo wangu Shamima ana mtindio wa ubongo. Miguu yake hukaza ikapishana kama mkasi, na maneno yake hutoka polepole, kama mtu anayechambua mchele wenye mawe. Usidanganywe na hiyo polepole. Kwa mzaha mtaani ninasifiwa mimi, lakini mimi hutupa maneno ovyo nikitumai moja litapata. Yeye hulitafuta lile moja.

Kituo kilitaka video fupi inionyeshe nikiwa na mnyama na mtoto. Nikamwendea Mzee Nyange aniazime punda wake wa gari la mchanga, ambaye jina lake ni Mheshimiwa. Aliitwa hivyo kwa sababu hafanyi kazi mpaka abembelezwe, na hata akibembelezwa huishia kukutazama kama mtu anayekuahidi barabara. Nikamtengenezea tandiko la gunia lililojazwa makumbi ya nazi. Rafiki yangu Jaribu, dereva wa bodaboda, alileta helmeti yake ya abiria na akajitolea kupiga picha.

Shamima tulipomkalisha juu alikamata manyoya ya shingo kwa mikono yote miwili. Kisha akauliza, "Huyu... breki yake iko wapi?"

"Breki anazo," Jaribu akamwambia. "Gea ndiyo hana."

Video ingetosha kwa siku moja, lakini Mheshimiwa siku hiyo aligoma katikati ya uwanja, na siku iliyofuata Jaribu alipiga picha kidole chake mwanzo mpaka mwisho. Ikawa tunarudi kila alasiri. Siku moja mama akatoka chumbani na khanga begani akasema, kama mtu anayesema mvua imekatika, "Leo nimemvisha suruali bila ugomvi. Miguu imenifungukia."

Hata baada ya video kwenda tuliendelea. Nilikuwa nangoja jibu, na kungoja kunataka shughuli.

Jibu likaja. Nimechaguliwa. Na hapo ndipo nilipokuwa mtu mkubwa: leo pasipoti, kesho picha ya viza, keshokutwa Dar. Shamima akiniuliza habari za Mheshimiwa, namwambia kesho. Kesho ni neno jepesi, halina uzito mdomoni. Ikifika alasiri yeye hujifunga helmeti ile kichwani, hujiburuta mpaka barazani, akakaa uso umeelekea njia ya kwa Mzee Nyange.

"Shamima," wapita njia humwuliza, "boda umeegesha wapi?"

"Namngoja dereva," huwajibu. "Katekwa... na Wazungu."

Watu hucheka. Nami nilicheka, nikapita ndani upesi.

Kisha mama mmoja wa kituo, anaitwa Hanneke, akanipigia simu ya video tujuane. Nilikaa barazani mtandao unaposhika, na Shamima alikuwa pembeni yangu na helmeti yake. Hanneke akamwona, uso ukamng'aa. Akasema kwa Kiingereza kwamba ile video waliitazama wote kituoni, na mmoja wao alilia. Akauliza miguu ya dada yangu inaendeleaje, akajipiga mapaja yake mwenyewe.

Nikasema, vizuri sana. Kila wiki afadhali kuliko iliyopita.

Simu ilipokatika Shamima akaniuliza, "Kasema nini?"

"Anakusalimia."

Akaniangalia kwa utulivu. "Kaulizia miguu yangu. Weye... umemjibu nini?"

"Nimemwambia haijambo."

Akaitazama miguu yake, iliyokuwa imepishana juu ya mkeka. Akaifunika kwa khanga.

Kwetu mtu hasafiri safari ndefu bila kutaka radhi. Unapita nyumba kwa nyumba, unakaa, unasema binadamu hakosi, nami kama nimekukosea nisamehe. Wazee wetu walitembea mpaka viatu vikaisha. Mimi nina kifurushi cha intaneti. Nilichukua ule ujumbe ambao watu hutumiana kila Shaaban, nikatoa Ramadhani nikaweka safari, nikawarushia wote waliomo kwenye simu yangu. Sehemu moja ilinipita bila kuibadilisha, kwa hiyo watu walisoma kwamba Hamdan anawataka radhi kuelekea mwezi mtukufu wa Uholanzi. Walinijibu kwa kucheka, na kila aliyecheka aliandika nimekusamehe. Nikahesabu kazi imekwisha.

Shamima hana simu.

Alasiri ya dua ya safari majirani walikuja. Wanaume walikaa barazani, wanawake ukumbini, mama alipika mkate wa kumimina na chai ya mdalasini. Shehe Zubeir, aliyenisomesha chuoni nikiwa mdogo na anayekumbuka kila fimbo na sababu yake, alisoma, tukaitikia. Kabla ya dua ya mwisho akakohoa.

"Kijana anavuka bahari," akasema. "Nimeupata ujumbe wake, na mwezi wa Uholanzi nitautafuta kwenye kalenda. Lakini radhi ni mdomo kwa sikio. Enyi mliohudhuria, yuko mwenye haki yake kwa Hamdan?"

Swali kama hilo lina jibu lake, linajulikana tangu dunia. "Tumemsamehe," wakasema barazani. "Tumemsamehe," wakasema ukumbini. Mzee Nyange akaongeza kwamba amenisamehe hata lile embe lake bichi la mwaka juzi, watu wakacheka.

Kicheko kikaisha. Mlangoni, chini, sauti ikasema, "Miye... bado."

Alikuwa amejiburuta mpaka kizingitini. Helmeti ilikuwa kichwani.

Nikafanya nilichozoea. "Huyo anataka nimletee chokoleti," nikasema. Wawili watatu wakatabasamu.

Shehe Zubeir hakutabasamu. "Mwache aseme. Sema, mwanangu. Hatuna haraka."

Na kweli ilihitaji watu wasio na haraka. Shamima alivuta pumzi, shingo ikamkaza, maneno yakaja moja moja.

"Alinipandisha... ili apate safari. Kaipata. Kaniteremsha."

Nilimsikia Jaribu, aliyeshika ile simu na kupiga ile video, akisogeza miguu yake chini ya msala kana kwamba anaificha. Nilitaka mtu mmoja tu acheke, hata kwa ubaya. Hakuna aliyenifanyia wema huo.

Shehe alisoma dua, akaimaliza. Watu walipokuwa wakitafuta viatu akanishika kiwiko. "Nimekuombea ufike salama," akasema. "Hilo jingine haki ya mja, na mja mwenyewe yuko ndani. Siwezi kulisamehe kwa niaba yake."

Nilimkuta mama jikoni akikusanya vikombe.

"Mama, ulikuwa ukijua kama miguu yake imerudi kukaza?"

"Miye si ndiye nimvishaye suruali," akasema, akaendelea kuosha.

Ningefurahi angenitukana.

Shamima alikuwa kitandani kwake. Nikakaa chini, kichwa changu kikawa sawa na magoti yake. Nikamwambia siendi. Nitawaandikia wale watu kwamba nimepata udhuru. Nilipolisema nilijisikia mtu mwema kwa muda wa kupepesa jicho.

"Ubaki," akasema, "uje unisimange?"

"Sitakusimanga."

"Kila ndege ikipita... utanitazama." Akapumzika. "Nenda. Lakini punda abaki."

"Punda hajaenda popote, yuko kwa Mzee Nyange."

"Kwangu... kaenda."

Nikanyanyuka, nikaenda kwa Mzee Nyange kabla jua halijatua. Alikuwa akimnywesha Mheshimiwa maji kwenye beseni. Nilimsalimu shikamoo mara mbili, ya pili haikuwa na haja. Nikamweleza kwamba nataka Shamima atembezwe kila alasiri nisipokuwepo.

"Nilikuwa nikimpumzisha mapema," akasema, "nikijua mtakuja. Natengeneza tandiko, nangoja. Mkaacha kuja, nikamwongezea mchanga." Akampangusa punda macho kwa kitambaa. "Ungesema tu, mwanangu. Hata huko kutokuja kunaagwa."

"Nisamehe, babu."

"Nshasamehe mbele ya watu, siwezi kuirudisha. Hatamu nitashika mwenyewe. Weye nitafutie wa ubavuni."

Wa ubavuni mmoja alikuwa mama. Aliposikia alifunga khanga kiunoni kama anakwenda kulima muhogo, akasema twende. Mwingine alikuwa Jaribu, ambaye alilalamika kwamba alasiri ndiyo saa ya abiria.

"Basi kawachukue abiria," nikamwambia.

"Nimesema ndiyo saa ya abiria, sijasema siji," akajibu. "Na mimi nilikuwepo kwenye ile video, yakhe. Kidole changu kilitokea."

Siku zilizobaki niliwafundisha. Nilidhani tungeanzia pale tulipoachia, lakini miguu ya Shamima haikutungoja. Siku ya kwanza tulipomweka juu mapaja yalikataa kufunguka, na tulipoyafungua taratibu machozi yalimtiririka bila sauti. Alikuwa akitazama mbele katikati ya masikio ya punda. Mama alinitazama kutoka upande wa pili wa mnyama, akayateremsha macho. Nikajifanya nakaza kamba ya tandiko, na kamba haikuwa imelegea.

"Jaribu, shika mguu," nikasema, "usishike simu."

"Nimeshika mguu."

"Juu ya goti. Si hivyo, hukamati abiria aliyekimbia bila kulipa. Weka mkono tu, aujue upo."

Mama hakuhitaji kuambiwa mara mbili. Mkono wake ulikuwa umeujua mguu ule tangu haujawa mguu. Taratibu, alasiri kwa alasiri, mkasi ukaanza kuachia, si kama mwanzo, lakini ukaachia. Siku moja Shamima akamuuliza Mzee Nyange kama Mheshimiwa anaweza kukimbia. Mzee akasema anaweza, ila anangoja uchaguzi. Shamima akacheka mpaka helmeti ikamfunika macho. Hakunitazama alipokuwa akicheka. Zamani angenitazama.

Kila siku tukimteremsha nilimwuliza, "Umenisamehe?" Na kila siku alijibu, "Bado naangalia."

Asubuhi ya safari teksi ya kunipeleka uwanja wa ndege ilisimama njia kuu, kwa kuwa njia yetu ilikuwa matope. Shamima akasema atanisindikiza, na si kwa kubebwa. Mzee Nyange akaahirisha mchanga. Tukatoka hivyo: yeye mbele na hatamu, mama kushoto, mimi kulia, Jaribu nyuma na begi langu kichwani akijiita mpagazi wa kimataifa. Majirani walitoka milangoni. Hakuna aliyeuliza boda imeegeshwa wapi.

Nilitembea nimeweka mkono juu kidogo ya goti lake, kama watakavyotaka niweke kule. Nilihisi kila hatua ya punda ikipita ndani ya mguu ule na kuja mkononi mwangu. Niliwaza watoto wa watu watakaokuwa chini ya mkono huo juma linalokuja, na mama zao watakaonishukuru kwa lugha nisiyoijua. Watanisifu kwamba nina mkono mwepesi. Hawatajua nilijifunzia wapi, na nikiwaambia watasema, dada yako ana bahati.

Tukafika. Dereva akafungua buti. Jaribu akatia begi.

"Kaka," Shamima akasema.

"Naam."

"Toa mkono."

Nikaangalia. Punda alikuwa amesimama zamani, na mimi bado nimeushika. Jaribu akaja kando yangu, akangoja, ikambidi angoje. Kisha nikauondoa na yeye akaweka wake palepale.

"Haya, radhi yangu," nikasema, nikijaribu kuifanya mzaha.

"Ipo."

"Nipe basi, ndege itaniacha."

Akatafuta neno lake. Sisi sote tukamngoja, hata dereva.

"Nimekuwekea," akasema. "Urudi... uichukue."

Mama akanisomea, akanipulizia kichwani, nikaingia garini. Nikageuka kutazama kioo cha nyuma. Mzee Nyange alikuwa akivuta hatamu wageuke warudi, Mheshimiwa amegoma, mama na Jaribu wamesimama ubavuni wakimbembeleza. Kutoka kule sikuweza kujua kama ni punda aliyekataa, au ni yule aliyekuwa juu yake, mikono kwenye manyoya, uso umeelekea tulikokwenda.

Dereva akaniuliza naenda kufanya kazi gani huko Ulaya. Nikamwambia farasi.