Jina Mbele ya Karani wa Reli

Umesikia sawa, Ikran, masikio yako hayana shida. Bibi yako ameniita Dhadho, jina langu lenyewe. "Dhadho, maji ya kunawa hayo." Hivyo hivyo, kavu, kama anaita kijana wa kuchunga ndama. Na wewe ukaangalia chini, nimekuona. Hata baba yako Adan ameangalia chini, na yeye angekuwa amezoea, maana wiki nzima sasa naitwa hivyo katika nyumba hii.

Kaa hapa kwa mkeka. Chakula kitakuja. Kikija kitakuwa changu peke yangu, sahani moja kama mgeni, nyinyi mtakula kule jikoni na bibi yako. Hiyo pia ni ya wiki hii. Wewe unajua sisi tunakulaga vipi, sinia moja, mimi na yeye na mjukuu yeyote aliyeko. Watu wa hapa wanacheka, wanasema huyu mzee reli ilimharibu, anakula na mke wake. Mimi nilikuwa nafurahi kuchekwa hiyo.

Sasa umeuliza, bora nikwambie mimi, maana ukirudi shule Hola utaisikia huko sokoni, na huko wataongeza chumvi.

Mimi nilikuwa mtu wa reli, hiyo unajua. Hapa Garsen reli hakuna, haijawahi kuwa, ukimwambia mtoto wa hapa habari ya treni anafikiri unamdanganya. Lakini ng'ombe za baba yangu ziliisha kwa ukame, na kijana bila ng'ombe kwetu ni nani? Nikashuka Mombasa, nikaandikwa genge la njia, wakanipeleka Mackinnon Road. Kazi ni kukaza boliti na kubadilisha mataruma, yale magogo ambayo chuma inalala juu yake. Jua la huko, Ikran, unashika chuma saa sita inabaki na ngozi yako. Lakini siyo hiyo nilitaka kusema.

Nilitaka kusema nilimwacha bibi yako hapa na ng'ombe wawili, baba yako yuko mgongoni. Nakuja likizo, nakaa kidogo, naondoka. Miaka yote hiyo. Nyumba hii ni yeye amejenga, na kila mvua ikibomoa ni yeye amejenga tena. Kwetu nyumba ni ya mwanamke. Hata huu mkeka ni wake, mimi nimeukalia tu.

Bas. Juzi juzi, maji ya El Nino yalipoanza kushuka, notisi ikabandikwa ukutani pale posta. Mimi kusoma hapana, nilisomewa na Kiti. Unamjua Kiti, yule Mgiriama wa Minjila, mwenye sauti. Tulikuwa genge moja, tumekula ugali wa sufuria moja. Akanisomea: wazee wote wa reli waje uwanja wa chifu, Jumatano, na kitambulisho, na kipande cha kazi, na mke. Mke aje mwenyewe na miguu yake. Kwa sababu mzee akifa penshen inamfuata mjane, na ati huko nyuma maiti mmoja alikuwa anatokewa na wajane watatu, wote wanalia. Sasa wanataka mke aandikwe mzee akiwa bado anapumua. Asiyeandikisha, akifa, faili lake linafungwa.

Hilo la kufungwa lilinikosesha usingizi. Kifua hiki unakisikia mwenyewe kinavyopiga filimbi. Nikienda kesho, bibi yako abaki na nini? Ng'ombe wengi mafuriko yamebeba, shamba ni tope. Nikasema, huyu mwanamke ujana wake nilimwachia upweke, angalau uzee wake niuandikishe.

Tukaenda. Uwanjani wameweka hema na meza na jenereta inanguruma. Karani ni kijana wa bara, mpole, jasho linamtoka mpaka kwenye karatasi. Huyo simlaumu. Utaratibu wake ni huu: mume asimame nyuma ya kamba, mke aulizwe peke yake mezani. Mume wako nani, mmeoana wapi, watoto wangapi. Mke wa Kiti, Pekeshe, alipita kama upepo. Jina la mume akatoa, jina la baba wa mume akatoa, na lile jina la utani la Kiti la kule kwenye genge akalitoa bure bila kuulizwa. Watu wakacheka mpaka wakashika matumbo.

Ikafika bibi yako.

"Mama, mume wako anaitwa nani?"

"Baba Adan."

Kijana akaandika kidogo, akasimamisha kalamu. "Baba Adan nani?"

"Baba Adan tu."

"Hilo ni jina la mtoto, mama. Nataka la mume."

"Ni yule pale." Akanionyesha na kidevu.

"Namwona. Anaitwa nani?"

Bibi yako akavuta mtandio mdomoni.

Wewe umesoma, Ikran, labda huko bwenini mnaona hayo ni mambo ya wazee. Mwanamke wetu jina la mume wake halitamki. Siku alipoletwa kwangu, mama yangu alimwambia hivyo, na yeye akashika. Akiulizwa kisimani ng'ombe hizi za nani, anasema za baba Adan. Kabla baba yako hajazaliwa alikuwa anasema za mwenyewe. Siyo kwamba hajui jina. Analiweka. Kuna vitu mtu ameweka ndani ya sanduku, hatoi kila siku.

Na karani akasema vizuri tu. Akasema, "Mama, sikulazimishi. Kama una mtoto mkubwa mwenye kitambulisho, aje akusemee, nitaandika. Lakini saa nane tunaondoka kwenda Hola, barabara ni mbaya."

Na mtoto mkubwa alikuwa njiani. Mimi nilijua. Baba yako alikuwa amevuka asubuhi na mtumbwi, kuna mtamba wetu alikwama kwenye tope upande wa Minjila, akaniambia adhuhuri atakuwa hapo kwa chifu. Na adhuhuri ilikuwa haijaadhiniwa. Muda ulikuwepo. Hiyo ndiyo nageuka nayo kitandani, Ikran. Muda ulikuwepo.

Lakini Kiti akapiga sauti, ile sauti ya genge, ya kushindana na treni. "Dhadho, huyu mama umemkodi wapi? Hata jina hajui. Mrudishe haraka, mwenyewe asije akakutafuta."

Wazee wakacheka. Ni utani tu. Mimi na Kiti tumetaniana tangu tukiwa na meno yote, siku nyingine ningemwambia yeye ndiye alikodiwa na Pekeshe. Siku hiyo sijui. Uso ukashika moto. Nikaruka kamba, nikaenda mezani, nikamwambia bibi yako aseme jina.

"Hukusema hivyo."

Umesikia? Ndiye huyo. Yuko upande wa pili wa ukuta na mwiko wake, kumbe anasikiliza.

Sawa, Mama Adan. Sikusema hivyo.

"Sema vile ulivyosema. Si unamhadithia mtoto? Mhadithie yote."

Nilisema... Nilisema, "Wewe mwanamke, toa jina, usiniaibishe mbele ya watu."

"Na lingine."

Adan, toka nje kidogo, kaangalie ndama. Hapana. Kaa. Wewe ulisikia, kwa nini nikufukuze.

Nilimwambia, "Mwenzako amesema, wewe unanyamaza nini? Ama kuna mume mwingine, unaogopa kuchanganya?"

Ndiyo. Babu yako alisema hivyo, Ikran. Mbele ya wazee wa reli wote, na wake zao, na askari wa chifu. Kwa mwanamke niliyemwacha hapa peke yake mpaka nywele zikabadilika rangi.

Bibi yako akashusha mtandio. Akamwangalia karani, mimi hakuniangalia. Akasema, "Dhadho Gollo." Yule kijana akasema, "Kwa sauti kidogo, mama, jenereta hii." Akasema tena, kwa sauti. Uwanja wote ukasikia. Na wazee wakainamisha vichwa, maana Waorma wenzetu walikuwepo, na wasio Waorma wamekaa na sisi miaka mingi, wanajua. Hata Kiti akawa anaangalia viatu vyake. Mimi nikageuza kichwa, nikamwona baba yako amesimama kwenye kamba, tope mpaka magotini, kitambulisho mkononi. Alikuwa amefika. Alikuwa amenisikia mimi, na amemsikia mama yake.

"Nilikimbia tangu kivukoni, baba."

Najua, Adan. Niliona ulivyokuwa unahema.

Bas, karani akaleta wino, bibi yako akaweka kidole, ikaisha. Ameandikwa. Nikifa faili halifungwi. Kile nilichokiendea nilikipata, na nikatoka pale kama mtu aliyekamatwa ameiba mbuzi wa jirani.

Njiani alitangulia mbele, hakugeuka. Kufika hapa akaweka chai. Akasema, "Dhadho, chai yako." Nikadhani nimesikia vibaya. Akasema, "Ulitaka jina, limetoka. Na mtu ninayemwita kwa jina ni mtoto au ni mgeni. Mtoto wangu si wewe. Basi ni mgeni, na mgeni anapewa sahani yake."

Hajanitukana, Ikran. Hajanuna hata. Chakula ni kwa wakati, maji ya kuoga ni ya moto, kanzu imefuliwa. Nikamletea sukari kutoka dukani. "Asante, Dhadho." Nikamletea leso nzuri, nyekundu. "Asante, Dhadho." Afadhali angenipiga nayo. Jioni watu wakipita njiani wanasikia, Dhadho, Dhadho, wanapunguza mwendo. Sasa hata msikitini naingia mwisho, natoka wa kwanza, nisikutane na macho ya mtu.

Kiti alikuja juzi na jogoo. Akasimama pale mlangoni, akasema, "Shemeji, mdomo wangu huu ulizoea treni." Akakaribishwa. Akapewa maziwa. Akaitwa shemeji, akaambiwa amsalimie Pekeshe. Kiti amesamehewa kwa jogoo mmoja, na mimi nimekaa kwenye kona naangalia.

Ndiyo maana leo unaona hii bakuli. Ni buna, zile punje za kahawa. Nimekaanga mwenyewe kwa samli, baada ya alasiri, bibi yako alipokwenda kuchota maji. Mwanaume wa kwetu hakaangi buna, ni kazi ya mwenye nyumba, lakini watu wetu wakikosana wanapatana kwa buna, na mimi nimpe mwenye nyumba ipi kama si niliyoungua nayo vidole? Tazama. Hivi viwili. Halafu nikaweka bakuli hapa mlangoni, nikakaa nafukuza nzi. Nimefukuza nzi mpaka wewe umetokea na mkoba wako, umekaa, umeuliza.

Mama Adan. Najua unasikia, mwiko umesimama.

Kule Mackinnon Road walikuwa wanakuja watu kutoka huku. Walikuwa wananiletea habari za mvua, za ng'ombe, nani amekufa, nani ameoa. Habari yako mbaya sikuletewa hata siku moja. Na kule kwenye genge wenzangu walikuwa wanaletewa, niliona wanaume wakilia chini ya tangi la maji. Mimi nilikuwa nalala usingizi. Halafu neno ambalo hakuna mtu alinileteaga, nimelisema mimi, kwa mdomo wangu, uwanjani. Naona haya. Naona haya kwa Adan, na kwa huyu mtoto, na hata kwa yule karani ambaye simjui.

Nimemaliza. Hilo ndilo nilikuwa nalo.

Ngoja, Ikran, usiinuke. Unasikia? Anapakua. Mimi nasikiliza tu kama ni sahani au ni sinia.

"Hiyo buna imeungua."

Nusu tu, Mama Adan.

"Yote. Harufu imenifikia tangu nilipokuwa njiani na dumu langu."

Ikran, msaidie bibi yako, shika upande huo. Adan, nawa mikono, usisimame hapo kama nguzo. Ni sinia. Ni lile kubwa, na jogoo wa Kiti yuko juu ya wali.

Ameweka chini. Ameokota buna moja kwenye bakuli, anatafuna. Anakunja uso. Anatafuna tu.

"Baba Adan, sogea. Umekalia mkeka wangu katikati, watoto watakaa wapi?"

Nasogea. Nimesogea. Usiniangalie hivyo, Ikran, ni moshi wa jikoni unaniingia machoni. Kaa hapo karibu na bibi yako, Adan kaa hapa. Haya. Bismillahi.